Neno Ambalo Shanice Hakulitazama

Jioni za Mbololo, nyumba ya Mama Titus haikosi watu. Huyu amekuja kuomba chumvi, yule kusikia ya dunia, na wote hujikuta wameketi. Shanice, bintiye wa gredi ya nane, akishamaliza kuosha vyombo hufungua kipakatalishi alichoachiwa na kaka yake Titus na kuwasomea majirani mambo yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Walimwita Mwalimu, na jina hilo lilimkaa kama nguo ya sikukuu.

Titus alikuwa amemwonyesha njia rahisi. Ukikutana na neno usilolijua, peleka mshale juu yake, kisha gusa kile kibao kilicho chini ya herufi kwa vidole vitatu. Maana hujitokeza papo hapo. Shanice aliitumia njia hiyo akiwa peke yake. Mbele ya watu, hapana. Nani angetaka Mwalimu aonekane akipapasa maana?

Jioni moja Wanza, mama yake Koki, alileta dawa ya kupe aliyopimiwa dukani Maungu ndani ya chupa ya soda, jina tu limeandikwa kwa kalamu. Alikuwa na mbuzi mmoja, na maziwa ya mbuzi huyo ndiyo aliyokunywa Koki, mtoto aliyekuwa ndio kwanza anaanza kutembea. Shanice akalitafuta jina la dawa, akasoma na kufasiri: changanya na maji, paka mgongoni, isiingie machoni. Halafu akakwama. Dawa isitumiwe kwa mbuzi “lactating”. Vidole vyake vikasita juu ya kibao. Jirani yao Kaloki, ambaye ulimi wake haujui likizo, akauliza kama Mwalimu ameishiwa na chaki. Watu wakacheka.

“Ni mbuzi waliokonda,” Shanice akasema upesi. “Wako amenona, Mama Koki. Mpake tu.”

Wakamsifu, Wanza akaenda kumpaka mbuzi wake kabla ya kulala, na mazungumzo yakahamia kwenye harusi ya mtu.

Kesho yake jioni hakuna aliyecheka. Koki alikuwa akitapika tangu asubuhi, udenda ukimtoka, macho yamelegea, na Wanza alikuwa amemkimbiza hospitalini Voi. Nyumbani kwa Mama Titus minong'ono ilianza. Mmoja alilaumu maji. Kaloki akakumbuka kwamba Bibi Edith, mjane aliyeishi jirani, alimpa mtoto uji juzi, na kabla chai haijapoa bibi wa watu alikuwa ameshafanywa mchawi.

Shanice akaingia chumbani, akafungua ule ukurasa, akagusa neno kwa vidole vitatu. Anayetoa maziwa. Ndiyo maana yake.

Angeweza kunyamaza, lawama ilikwishapata mwenyewe. Lakini daktari angemtibu Koki nini, ikiwa hajui alichokunywa? Akatoka, akasimama katikati ya watu.

“Mama, si uji. Ni maziwa. Lile neno sikulijua, nikalibuni.”

Mama yake hakumgombeza. Alimpigia Wanza simu, akampa Shanice amsomee daktari jina la dawa. Kaloki akainamisha kichwa. Watu wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Matibabu yakabadilishwa usiku huohuo. Koki alilala hospitalini karibu wiki nzima kabla ya kurudi, amekonda, shingo haijashika vizuri. Shanice akaenda na mama yake kuomba radhi, kwanza kwa Bibi Edith, kisha kwa Wanza, waliyemkuta akikamua maziwa na kuyamwaga shimoni.

Wanza hakutabasamu. Alimaliza kukamua, akanawa mikono, ndipo akasema.

“Sikuja kwako kwa sababu unajua kila kitu, Shanice. Nilikuja kwa sababu una mahali pa kutazama. Ungesema, ‘Ngoja, hili silijui,’ ningengoja. Kungoja hakujamuua mtoto wa mtu. Aibu yako ndiyo iliyotaka kumuua wangu.”

Kisha akamweka Koki mapajani mwa Shanice, ili ahisi alivyokuwa mwepesi.