Ufunguo Uliopata Kazi Nyingine

Kila akitoka shule, Mawazo hupitia kibandani kwa mama yake, fundi funguo, akafagia chenga za shaba chini ya meza. Jina hilo alipewa nyumbani, kwa kuwa mwili ukiwa hapa, akili huwa imeshahama.

Siku hiyo ilikuwa imehamia mbali kweli. Mwalimu alikuwa amewasimulia kuwa zamani sana, kabla ya mnyama yeyote, seli ndogo mno zilikuwa zikinakili jeni zake, yaani maagizo ya kazi zake. Mara nyingine jeni moja ilinakiliwa mara mbili kwa bahati tu. Moja ikaendelea na kazi ya zamani. Ya pili, kwa kuwa haikutegemewa, ikabadilika polepole, na mara chache ikapata kazi mpya. Ndiyo njia mojawapo iliyozipa seli zenye kiini, kama zetu, uwezo wa mambo mengi.

Mama alikuwa ametoka. Mawazo akachukua tupa, akaanza kusugua meno ya ufunguo uliokuwa mezani, aone kama utafungua kufuli jingine. Alipozinduka, akautambua. Ulikuwa ufunguo pekee wa kabati la dawa la zahanati, ulioletwa na muuguzi utolewe nakala. Wagonjwa wa jioni wangekosa dawa.

Akafikiria kunyamaza. Lakini mama angenakili meno mabovu na kubeba lawama yeye. Aliporudi, Mawazo akapiga moyo konde.

"Mama, nimeuharibu ufunguo wa muuguzi. Nilikuwa naota."

Mama akabeba vifaa, wakaenda zahanati. Akaingiza kwenye kabati ufunguo mpya ambao bado haujachongwa meno, akasoma alama ambazo kufuli liliacha juu yake, akasugua, akajaribu tena, mpaka kabati likafunguka. Muuguzi akacheka, akisema alishajiandaa kuwapa wagonjwa pole tupu. Mama akamtolea na nakala.

Njiani kurudi Mawazo akamsimulia somo la jeni, na mama akampa ule ufunguo ulioharibika.

"Jeni za mwalimu wako zilikuwa na nakala kwanza, mwanangu. Wewe ulianza na ufunguo unaotegemewa. Ila umesema mapema, ndiyo maana tumewahi. Ungeficha, wagonjwa ndio wangeumia. Sasa kabati lina ufunguo wake. Huu uko huru, ota nao."

Mawazo akasugua kidogo kidogo, jioni baada ya jioni. Siku moja kufuli kuukuu la rafuni kibandani, lililosahaulika bila ufunguo, likafunguka mkononi mwake.