Amri Kutoka Mapokezi

Kila Jumamosi, mwaka ule wa 1998, Anjelina aliwahi kufika kwenye kituo cha kompyuta pale Majengo. Alimwamkia dada Jenifa wa mapokezi, akapangusa vumbi kwenye kompyuta, kisha akakaa mbele kabisa. Hakuna aliyemshinda kwa kazi za kompyuta, mpaka alipokuja Loisi kutoka kijijini Chamwino.

Loisi hakuwa amewahi kugusa kompyuta. Hata hivyo, ramani ya visima vya kwao, aliyokuwa bado akiichora kwenye kompyuta ya darasani, ndiyo iliyochaguliwa kwenda kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane.

"Shikamoo, bingwa!" Anjelina alimkejeli. "Kwenu hata umeme hakuna."

"Ndiyo maana naufaidi wa kwenu," Loisi alijibu. Darasa zima likacheka.

Mwalimu Sostenes alikuwa amewafundisha kwamba kompyuta ya mapokezi na ile ya darasani zimewekwa ziaminiane. Aliyekaa kwenye moja angeweza kuiamuru nyingine, bila kuulizwa jina wala neno la siri.

Dada Jenifa alipotoka kunywa chai, Anjelina aliketi kwenye kiti chake. Akaandika amri ya kuzima kompyuta ya darasani. Haikumuuliza yeye ni nani. Ilitii, naye akarudi darasani haraka.

"Mwalimu, imezimika!" Loisi alipiga kelele. "Ramani sijaihifadhi! Kazi yote ya asubuhi!"

Taa zilikuwa zinawaka, kwa hiyo umeme haukuwa umekatika. Mwalimu aliiwasha kompyuta, akachunguza. "Amri imetoka mapokezi," akasema.

Mkuu wa kituo, aliyekuja aliposikia kelele, alimgeukia dada Jenifa, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia. "Pale unakaa wewe peke yako. Chukua mkoba wako, nenda nyumbani."

"Mimi? Hata kuizima ya kwangu huwa naomba msaada!"

Hakuna aliyemsikiliza. Anjelina alimwona akikunja kanga yake na kuchukua mkoba. Ramani ya Loisi ilikuwa imepotea, na hilo ndilo alilolitaka. Mbona halikuwa tamu?

"Ni mimi," akasema. "Nilimwonea wivu Loisi."

Mkuu alimwomba dada Jenifa radhi mbele ya wote. Loisi alimtazama Anjelina kwa hasira. "Basi leo huondoki. Mimi nachora, wewe unanisomea majina ya visima. Na usiniamkie tena shikamoo!"

"Neno la siri nitaliweka leo," alisema Mwalimu Sostenes. "Lakini sikiliza, Anjelina. Kompyuta ile haikukuuliza jina kwa sababu sisi tuliwaamini watu wote wa nyumba hii. Mtu akikuamini, usiitumie imani yake kumwangusha mwenzako. Ukitaka kumpita Loisi, fanya kazi kwa bidii kuliko yeye. Wivu wako leo ulikaribia kumfukuzisha kazi mtu ambaye hata hakuwa kwenye mashindano yenu."