Kioo cha Sajini Owiti

Kila Jumamosi asubuhi Akech alifua nguo za nyumba nzima kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, mtaani Umoja, kabla maji ya mfereji hayajakatika. Ovaroli ya baba yake aliiacha mwisho kwa sababu ilinuka mafuta na kuchafua povu. Jumamosi hiyo, alipokuwa akiipekua mifuko, vidole vyake viligusa kitu chembamba na baridi. Kilikuwa kioo kidogo cha mviringo, kilichoshikizwa kwenye kijiti cha chuma.

Baba yake, Sajini Owiti, alikuwa fundi wa helikopta nyepesi za jeshi. Akech alijua kwamba kioo hicho hutumiwa kuchungulia nyuma ya mabomba, mahali jicho lisipofika. Alijua pia kwamba alipaswa kumpa baba yake papo hapo. Lakini alimkumbuka Austine, aliyemkejeli mbele ya Gredi ya Saba nzima: "Wacha mbwembwe! Babako fundi wa helikopta? Labda fundi wa baiskeli!" Akakificha kioo kwenye mkoba wa shule.

Jumatatu wanafunzi walimzunguka.

"Eh, kumbe ni ukweli!" Austine alisema, akijitazama meno kwenye kioo. "Haya, tuambie, hiyo ndege ikoje?"

Akech akaeleza kama alivyosikia nyumbani. Waliobuni helikopta hiyo walipima kila kipande na kuondoa kila uzito usiohitajika, ili iinuke upesi, itue mahali finyu, iwapelelezee askari njia na kuwabeba majeruhi. Hakuna aliyecheka.

Jioni Baba alirudi uso umemsawijika. Hakugusa ugali.

"Akech, ulipofua ovaroli yangu, hukuona kioo?"

"Sijakiona, Baba."

"Ulitazama mifukoni?"

"Nilitazama. Hakukuwa na kitu."

Akech alijiambia kwamba kioo ni kioo tu. Jeshi haliwezi kukosa kingine.

Jumanne jioni alikuwa jikoni akiosha vyombo aliposikia Baba akimweleza Mama sebuleni, kwa sauti iliyochoka.

"Mama Akech, pale karakana kila kifaa kimechorewa umbo lake ukutani. Umbo likibaki tupu, helikopta hairuki mpaka kifaa kipatikane. Ndege ile haina nafasi ya ziada. Kitu kidogo kikiangukia kwenye vyuma vya usukani, rubani hawezi kuigeuza. Jana na leo tumeifungua sakafu, tumeufungua mkia."

"Bado hamjakipata?"

"Bado. Na alfajiri tuliitwa. Askari kijana alikuwa amekanyaga bomu kule kaskazini. Helikopta nyingine iko mbali. Wakamleta kwa gari, barabara ya mawe mwendo mrefu. Wamemkata mguu. Daktari anasema kama angefika mapema, ungepona."

Sahani ilimteleza Akech mikononi. Alienda chumbani, akakitoa kioo, akaja kukiweka mezani. Alisema kila kitu, akilia.

Baba hakumkemea. Alikitazama kioo kama mtu anayetazama jeraha lake mwenyewe.

"Kesho kiangushe nyuma ya kabati kule karakana," Mama alinong'ona. "Mtu atakiokota, yaishe."

"Hayataisha. Ijumaa zamu ya kuukagua ukuta ilikuwa yangu. Nilikuwa nawahi mazoezi ya kwaya. Nikasema 'Vyote vipo' bila hata kuinua macho."

"Watakufukuza, Baba Akech!"

"Wakitaka."

Kesho yake alikirudisha kioo kwa mkuu wake na kueleza ukweli wote. Kabla ya adhuhuri helikopta ilifungwa tena, ikajaribiwa, ikaruka. Sajini Owiti hakufukuzwa, ila aliondolewa kwenye helikopta, kazi aliyoipenda tangu ujana wake. Akapelekwa ghalani kugawa blanketi na viatu.

Jioni Akech alimkuta ameketi bila kuwasha redio.

"Baba, naweza kumwandikia yule askari nimwombe msamaha?"

"Utamwandikia, nami nitamwandikia. Asipotujibu, tusimlaumu."

Akamvuta binti yake karibu.

"Mwanangu, uongo wetu ulikuwa mfupi. Wewe ulisema, 'Sijakiona.' Mimi nikasema, 'Vyote vipo.' Hatukumchukia mtu yeyote. Wewe uliogopa kugombezwa, mimi niliogopa kuchelewa kwaya, na mtu tusiyemjua akatulipia. Ukweli usemwe mapema, ungali na kazi ya kufanya. Huu wetu umeirusha helikopta. Lakini haukuuwahi mguu wa yule kijana."