Aliiba Kazi Yangu ya Takwimu, Akamwiba na Baba Yangu!

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Tabora mjini, na haya ninayaandika kwa hasira. Sitaki pole ya mtu. Nataka msome mpaka mwisho, hasa nyinyi mabinti mlioko vyuoni!

Nilisomea takwimu. Mtaani kwetu hakuna aliyeelewa ni kitu gani. Majirani walipomuuliza mama, aliwajibu kwamba mwanawe anasomea sensa, nao wakamcheka... Mimi niliyapenda masomo yale. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na ndiye aliyenifundisha kuhesabu kwa mabehewa. Alifariki nikiwa darasa la sita. Tangu hapo mama alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, anione nimevaa joho.

Mwaka wa pili nikampenda mwenzangu wa darasani, nitamwita Masanja. Kijana wa Igunga, mpole, maneno matamu. Likizo alikuja nyumbani, akamwamkia mama kwa adabu zote za mkwe, akala akashiba. Aliniahidi kwamba tukimaliza tu chuo, wazee wake watakuja kuleta posa. Nikaamini! Nani asingeamini?

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa kufanya utafiti wake. Mimi nilichagua wakulima wa tumbaku wa Usoke. Kwenye takwimu hujichagulii watu unaowataka. Unachukua orodha ya kaya, unaipa kompyuta namba ya kuanzia, nayo inakutajia kaya za kwenda kuhoji. Namba ileile huleta kaya zilezile. Mimi niliweka namba ya kazi ya baba, iliyoandikwa kwenye kitambulisho chake cha reli. Nilimsimulia Masanja jambo hilo huku nalia. Hakuna mwingine aliyejua.

Nilizunguka Usoke wiki tatu, jua kali, vumbi mpaka kwenye nyusi. Watu waliacha kuchambua tumbaku yao, wakanipa kigoda, wakanijibu swali baada ya swali. Masanja wakati huo hakwenda popote! Alikuwa chuoni anaangalia mpira. Siku zilipombana akaja kwangu anatokwa na machozi, eti kwao kuna mgonjwa, amekwama, anaomba tu aone nilivyofanya. Nikampa faili. Nikampa na boksi zima la madodoso, zile karatasi zenye majibu ya watu... Mjinga mimi!

Akabadilisha kichwa cha habari, akaandika jina lake, akawasilisha siku nne kabla yangu.

Mwalimu aliposhika kazi yangu, akakuta kaya zilezile na majibu yaleyale. Tukaitwa mbele ya kamati. Masanja aliingia kwanza. Mimi nilikaa kwenye benchi nje, nikiwa na hakika kwamba atasema ukweli. Mtu aliyekula chakula cha mama yangu angenifanyia nini?

Nilipoingia, mwenyekiti aliniuliza ile namba ya kuanzia niliitoa wapi. Nikajibu kwa kujiamini kwamba ni namba ya kazi ya marehemu baba yangu, mtu wa reli. Wakatazamana.

"Binti," mwenyekiti akasema, "mwenzako ametoka kutueleza hayohayo sasa hivi. Marehemu baba yake, mtu wa reli, Tabora."

Ati baba yake! Baba yake Masanja ni mzima wa afya, anafuga ng'ombe Igunga mpaka leo!

Hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe. Kitambulisho cha baba kilikuwa kabatini kwa mama, na jina lake na picha yake. Na ningesema tu, "Pigeni simu Usoke, waulizeni ni nani aliyefika." Basi! Lakini hayo hayakunijia. Yalinijia matusi. Nilimtukana Masanja, nikamtukana na mwenyekiti, nikapiga meza... Nikatolewa nje. Kazi yangu ikafutwa, nikasimamishwa masomo mwaka mzima. Akili iliponirudia nikakata rufaa, wakanijibu kwamba muda umepita.

Masanja akavaa joho. Alinitumia ujumbe mmoja tu, kwamba nisimlaumu, maisha ni kupambana, na kwamba kwao hawataki mke mwenye kesi. Mke mwenye kesi! Kesi aliyonibambikia yeye!

Mama hakuulizia shahada. Aliuliza, "Yaani alikaa mbele ya watu akasema yule ni baba yake?" Nikamwambia ndiyo. Akaingia chumbani, hakutoka mpaka magharibi. Kwa hilo simsamehe Masanja, na msiniandikie kunishauri nimsamehe.

Adhabu ilipoisha nilirudishwa kwa sharti la kuanza utafiti upya. Nikarudi Usoke na namba nyingine. Kompyuta ikanitajia tena kaya ya mama mmoja mjane niliyemhoji mara ya kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Si ni wewe ulikuja? Yale majibu yetu uliyapeleka wapi?"

Mabinti, nawasihi! Mpende mtu umpendavyo, mpikie, mfulie ukitaka, lakini kazi uliyoitolea jasho usimkabidhi, hata akilia damu. Na siku ukiitwa kujitetea, meza hasira zako kwanza, utaje mashahidi wako. Matusi yatangoja. Mimi sikungoja, na walioumia si mimi peke yangu.

Yule mama nilimwambia karatasi zake zililowa mvua. Aliniamini. Akanivutia kigoda, akaanza kunijibu upya.