Waya Uliopitiwa na Moto

Mtengeneza matundu ya kuku alikuwa barazani, akilaza waya wake kwenye makaa ya jiko. Mkewe alikuwa akianika nguo uani, lakini macho yake yalikuwa juu.

"Baba watoto, ule waya wa umeme umeshuka," alisema. "Nikisimama hapa, zamani nilikuwa nikiuona juu ya paa la jirani. Leo nauona chini ya paa."

Mumewe alicheka. "Moto wa nyika ulipita hapo juzi, na umeme haukukatika hata dakika moja. Redio hiyo inaimba. Mwenzetu umeanza lini kupima nyaya kwa macho?"

Mke hakucheka. Watoto wao walipita chini ya waya ule kila siku wakienda shule, na jambo hilo lilimkosesha raha. Akaipigia simu ofisi ya umeme.

Fundi wa umeme alifika mchana. Aliutazama waya kwa darubini, kisha akamgeukia mke.

"Shemeji, una macho," alisema. "Mtu asipite tena chini yake."

"Lakini taa zinawaka," mume alibisha.

Fundi alilitazama jiko. "Mzee, kwa nini unachoma waya kabla ya kuukunja?"

"Ili ulegee. Ukiwa mgumu unaniumiza vidole."

"Na ukishapoa, ugumu unarudi?"

"Haurudi. Ukishalegea, basi..." Mtengeneza matundu aliutazama waya uliokuwa kwenye makaa. Kisha aliinua kichwa polepole, akautazama ule wa umeme, akaona haya. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na tisa.

"Ndiyo hivyo," fundi alisema. "Umeme unapita kama kawaida, kwa hiyo taa hazikuambii kitu. Ila moto wa juzi umeulegeza waya, umepoteza nguvu za kujibeba. Unarefuka, unashuka, na upepo mkali unaweza kuukata."

"Ukianguka je?" mke aliuliza.

"Msiuguse, hata taa zikiwa zimezimika. Kaeni mbali, mtupigie simu."

Umeme ulizimwa siku hiyohiyo, na watoto wakapitia njia ya dukani. Kesho yake mafundi walipoanza kuushusha waya, ulikatika, ukaangukia njia ya shule. Njia ilikuwa tupu. Watoto walipotoka shule, mama yao aliwahesabu mmoja mmoja.

Waya mpya ukafungwa. Sasa mume anafyeka majani yote chini yake kabla ya kiangazi, wala hachomi moto hapo. Na kila asubuhi, mkewe anapoanika nguo, mume ndiye anayeuliza.

"Mama watoto, leo waya uko wapi?"

"Juu ya paa."

Ndipo anapolaza waya wake kwenye makaa.