Dimbwi la Wendell

Wendell Cressman na mkewe Lorna wana msitu wa miti ya mepo huko Ontario. Theluji ikianza kuyeyuka, hutoboa miti hiyo, hukinga utomvu kwa ndoo na kuuchemsha mpaka uwe sharubati tamu. Siku hizo hakuna kukaa!

Mwaka ule, trekta la kubebea utomvu lilinasa katika dimbwi katikati ya msitu.

"Kesho nalifukia dimbwi hili!" Wendell akafoka. "Kiangazi linakauka lenyewe. La kazi gani?"

"Fukia tu, baba, nimechoka kusukuma," akasema Lorna, tope mpaka masikioni.

Asubuhi Wendell alileta mawe kwa trekta. Lorna alikuwa akiopoa ndoo iliyotumbukia dimbwini. Akaona kijitawi majini, kimeshikwa na ute wenye nukta nyeusi.

"Wendell! Zima trekta!"

"Kuna nini? Umeona mamba?"

Jirani yao Elspeth, mtumishi wa idara ya wanyamapori, alisikia kelele akaja mbio. Alipoinama tu, akapiga makofi kwa furaha.

"Mama yangu! Mayai ya salamanda! Msiyaguse!"

Akawaeleza kwamba salamanda ni ndugu wa chura, ila ana mkia. Wa aina hii wamebaki wachache sana, na sheria inawalinda.

Wendell akacheka. "Mbona nilipokata mepo hukuniletea sheria?"

"Mepo ukiukata, kisiki kinachipua. Mbegu zake zinapeperuka na kuota popote, hata kwenye mfereji wa paa lako."

"Kweli! Mimi ndiye ninayeing'oa miche hiyo," akasema Lorna.

"Salamanda hapeperuki," akaendelea Elspeth. " Hurudi kutaga kwenye dimbwi alimozaliwa. Ukilifukia, umewamaliza."

"Si waende mtoni?" Wendell akauliza.

"Mtoni kuna samaki, watakula watoto wote. Hapa panakauka, kwa hiyo samaki hawaishi. Watoto huota miguu na kutoka kabla hapajakauka. Kukauka ndiko kunakowaokoa."

Wendell akakuna kichwa. "Na trekta nilipitishe hewani?"

"Trekta la nini? Msitu wako uko mteremkoni. Unganisha miti kwa mipira ya kupitishia maji, utomvu utashuka wenyewe mpaka jikoni mnakochemshia."

"Mipira! Baba yangu alikinga kwa ndoo!"

"Baba yako alikuwa na farasi," Lorna akamkata kauli. "Mbona hilo hukuliiga?"

Wendell akawasha trekta. Mawe akayarudisha, mipira akaifunga. Utomvu ulipoanza kumiminika jikoni bila mtu kubeba ndoo, Lorna alicheza mle mle kwenye mvuke!

Kiangazi kikafika, dimbwi likapungua. Baada ya mvua moja, Lorna alimkuta mumewe amelala kifudifudi kwenye tope.

"Lorna! Ametoka! Ana miguu minne, mdogo kama kidole!"

Lorna akainua mguu asogee aone.

"Usikanyage!" Wendell akapiga kelele. "Mwingine huyo, chini yako!"

Lorna akabaki amesimama kwa mguu mmoja, akicheka na kuyumba, mpaka yule mdogo alipopita taratibu na kuingia chini ya majani ya mepo.