Bernadina na Misemo ya Mwalimu Fabian

Kila Jumatatu asubuhi, wanafunzi wa darasa la sita walikuta msemo mpya umeandikwa juu kabisa ya ubao. Aliyeiandika misemo hiyo, na kuitunga mwenyewe, ni Mwalimu Fabian, aliyefundisha sanaa na kuongoza kwaya ya shule yao huko Rhotia. Wengi waliisoma wakaisahau. Bernadina aliishika yote kichwani, na hata akiwa shambani anang'oa maharage na mama yake, midomo ilikuwa ikichezacheza kwa kuirudia.

Wiki moja ubao ulisema: "Anayeogopa kusema kweli asishike brashi, wala asiimbe."

Siku ya mazoezi ya kwaya, Mwalimu Fabian alitoka nje kidogo kupokea simu. Walikuwa wakijiandaa kwa mashindano ya Karatu mjini, na aliyechaguliwa kuanzisha wimbo alikuwa Nashilu, msichana aliyetoka Oloipiri kuja kusoma akiishi kwa shangazi yake. Bernadina hakuwa na rafiki mwingine kama yeye. Siku hiyo, kila Nashilu alipofika kwenye kiitikio, sauti ilimkwama na kukwaruza.

"Bernadina, nimeimbaje?" Nashilu aliuliza.

Bernadina akaukumbuka msemo wa ubaoni. "Umeimba kama mlango usiotiwa mafuta," akajibu, kila mtu akasikia.

Kwaya nzima ikaangua kicheko. Nashilu alitazama sakafu, kisha akachukua mkoba wake akatoka. Kesho yake hakuja mazoezini. Kesho kutwa yake vilevile.

Bernadina alichanganyikiwa. Kwani alikuwa amesema uongo? Nyumbani alimweleza mama yake.

"Kama ni kweli umekosa nini?" mama alisema huku akipepeta maharage. Halafu akamtazama. "Lakini mbona wewe mwenyewe huna raha?"

Kaka yake, Inosenti, alicheka. "Wewe nawe! Mtu akikuuliza hivyo, mwambie ameimba vizuri, yaishe."

Jumatatu iliyofuata msemo ulikuwa mwingine: "Muziki ni pale watu wanaposikilizana." Bernadina aliusoma mara kadhaa. Wiki iliyopita kusema, wiki hii kusikiliza! Sasa afuate upi? Mwishowe aliona afadhali ushauri wa kaka yake. Wakati wa mapumziko alimfuata Nashilu nyuma ya darasa.

"Nashilu, siku ile uliimba vizuri sana. Nilikuwa natania tu."

Nashilu alimkazia macho. "Juzi nilikuwa mlango, leo naimba vizuri. Nikuamini lipi?"

Akaondoka. Bernadina alibaki amesimama pale, machozi yakimlengalenga. Kweli ilimfukuza rafiki yake, na uongo nao ulimfukuza zaidi. Hakujua kilichobaki.

Jioni mama alimtuma maji. Alipokaribia bomba alisikia mtu anaimba kwa sauti nzito, tulivu, iliyojaa. Alikuwa Nashilu, amempa mgongo, anakinga maji kwa ndoo yake. Wimbo ulikuwa uleule wa mashindano, lakini aliuanzia chini, na kwenye kiitikio sauti yake ilipita bila kukwama popote. Bernadina alisimama akasikiliza mpaka mwisho.

"Nashilu," aliita polepole, "nisamehe. Nilikuaibisha mbele ya watu, halafu nikaja kukudanganya. Sasa nimekusikiliza. Sauti yako haina kasoro. Wimbo ndio tunauanzia juu mno."

Nashilu hakugeuka mara moja. Maji yalijaa ndoo yakaanza kumwagika, ndipo alipofunga bomba. "Hata mimi nilihisi hivyo," akasema. "Niliogopa kumwambia mwalimu."

"Kesho tutamwambia sote wawili."

Kesho yake, mbele ya kwaya yote iliyokuwa imecheka, Bernadina aliomba radhi kwa kumwaibisha Nashilu na kwa kumdanganya. Kisha akaeleza alichosikia bombani. Mwalimu Fabian alienda kwenye kinanda, akaushusha wimbo, akamwashiria Nashilu aanze. Alipofika kwenye kiitikio, hakuna aliyecheka. Wavulana wa nyuma waliacha kusukumana.

Karatu mjini walishika nafasi ya pili, na watu waliokuwa wakinong'ona ukumbini walinyamaza Nashilu alipoanza. Baada ya matokeo, walipokuwa wakinywa soda nje, Bernadina, akiwa na Nashilu, alimsogelea mwalimu wake.

"Mwalimu, misemo yako ilinichanganya sana. Ule wa kwanza uliniambia niseme kweli. Nikasema, nikaharibu."

Mwalimu Fabian alitikisa kichwa. "Kosa si lako peke yako. Wimbo niliupanga mimi, na mimi ndiye niliyepaswa kusikia kwamba unamwumiza Nashilu koo. Sikusikiliza." Akaweka chupa chini. "Bernadina, msemo ni mfupi, binadamu ni mrefu. Huwezi kumpima mtu kwa mstari mmoja wa ubaoni. Ulichosema mara ya kwanza kilikuwa kweli, ila ulikisema kwa namna ya kuwachekesha watu. Mara ya pili uliogopa, ukadanganya. Pale bombani ulisikiliza kwanza, ukasema ili umsaidie mwenzako. Kweli usiiache, lakini shika sana namna hii ya mwisho ya kuisema."

"Basi uandike huo Jumatatu, mwalimu," alisema Nashilu.

Mwalimu Fabian alicheka. "Ni mrefu mno, hautaenea ubaoni."